Bustani Imefungwa, Shemeji

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda kilichovunjika zamani, umelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi. Wa ncha hii akisimama ghafla, wa ncha ile anakwenda chini na kikombe chake, ndiyo maana pale kijiweni hakuna anayeondoka bila kuaga. Kila asubuhi, Shangazi muuza kahawa akishatua birika lake, wanakusanyika wale wale wanne. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye siku zote ana mteja ndani na mdomo nje. Kuna Redio, fundi cherehani aliyeacha kazi macho yalipomwacha, anayejibu maswali ambayo hayajaulizwa. Kuna Hakimu, ambaye maisha yake yote alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba majalada ya watu mpaka hukumu zikamwingia mwilini. Na kuna Tani Kumi, dereva mstaafu wa lori, ambaye asubuhi hii alikuja na sahani ya mbegu za maboga zilizokaangwa kwa chumvi, na wasiwasi wake usoni.

Mkewe alikuwa anarudi. Alikuwa amekwenda kwa binti yao aliyejifungua, akakaa huko mwezi na ushei, na siku ya kuondoka alimwachia mumewe neno moja: mvua zikikata, ufunge bustani. Tani Kumi aliitikia kama mjuzi, maana mwanaume aliyepandisha shehena milima ya nchi tatu hawezi kumuuliza mkewe bustani inafungwaje. Ukweli ni kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kuiona ikifungwa. Aliondoka ikiwa ya kijani, akirudi anakuta udongo mtupu umechanwa vizuri. Aliondoka tena, akirudi anakuta maboga yametambaa hadi mlango wa choo. Akadhani ndivyo bustani zilivyo.

Na hayo maboga si ya hivi hivi. Ni ya mama mkwe, Mungu amrehemu: madogo, mazito, ngozi ya kijivu yenye mistari, ndani mekundu. Mkewe alikuja nayo siku ya ndoa yakiwa bado mbegu, kiganja kimoja zimefungwa kwenye pindo la nguo, na tangu hapo nyumba ile haijala boga la mtu mwingine. Siku mama mkwe anazikwa, lori la Tani Kumi lilikuwa limekwama mpakani na saruji ya watu, na alipofika udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Mkewe hakumlaumu, si siku ile, si baadaye. Lakini kutolaumiwa nako kuna uzito wake. Kwa hiyo safari hii Tani Kumi alitaka kitu kimoja tu, nacho alikitaka sana: mkewe ashuke basi la mchana, aingie uani, akute kazi yake imefanywa na mumewe, tena imefanywa sawasawa.

— Nimeng'oa kila kitu, akasema, akiipitisha sahani. Nyanya, bilinganya, bamia, maboga. Miti ya kuegemezea nyanya nimeifunga pamoja kwa kamba. Jembe nimeliosha, nikalipaka oili.

— Oili gani? akauliza Kinyozi.

— Ya injini. Iliyotumika, si mpya. Sasa kuna lundo la mashina katikati ya ua, limenifika kifuani, na mama watoto anashuka adhuhuri. Niambieni nalifanyaje.

Kila mmoja alichota mbegu zake akaanza kutafuna, maana hukumu nzuri haitoki kwenye mdomo mtupu.

— Choma, akasema Kinyozi. Dawa ya moto ni moto.

— Sasa moto uko wapi hapo wa kutibiwa?

— Ndiyo uuwashe kwanza.

— Usimsikilize huyu, akasema Redio. Ukichoma, udongo unaona. Msimu ujao ukiupelekea miche, unakumbuka walichofanyiwa wenzao. Nyanya zinatoka chungu. Mimi nina jirani alichoma, mpaka leo anakula bilinganya zenye chuki.

— Chuki ina ladha gani?

— Umewahi kula kwa wakwe baada ya ugomvi? Hiyo hiyo.

Kutoka ndani ya kibanda sauti ya mtu ikasema kwa upole kwamba povu linamkaukia. Kinyozi akajibu bila kugeuka, kama anavyojibu siku zote, kwamba anakuja sasa hivi.

— Bustani ni kama kichwa, akaendelea. Mimi ninapomnyoa mtu, nywele ninaziacha kichwani? Ninafagia, ninapangusa, ninapaka kitu cha baridi. Wewe umenyoa, sasa fagia. Halafu umwagie maji ya chumvi kuua mba.

— Udongo una mba?

— Ule unga mweupe juu ya udongo mkavu wewe unadhani ni nini?

Tani Kumi moyoni alikuwa na nadharia yake, na alikuwa hajaamua kama itachekwa. Akaamua ichekwe.

— Mimi nilikuwa nafikiri udongo ni kama injini. Umetembea msimu mzima, umechoka, oili yake imekuwa nyeusi. Nilitaka nichimbe kijishimo pale chini kwenye mteremko, niuache uchuruzike usiku kucha.

— Uchuruzike nini?

— Uchafu. Halafu nizibe, nijaze mpya.

Wenzake walimtazama kwa heshima. Hata Redio alinyamaza akilipima wazo lile, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Lakini Hakimu alishaweka kikombe chini, na Hakimu akiweka kikombe chini ujue baraza limekaa.

— Nyote mnakosea mwanzo wa kesi, akasema. Hapa tunahukumu lundo bila kulisikiliza. Katika hilo lundo kuna mashina yaliyozaa na mashina yaliyokula mbolea ya bure. Huwezi kuwaweka wote selo moja. Kwanza tenganisha. Shina lililozaa lizikwe kwa heshima, liwe mbolea. Lisilozaa litupwe barabarani, wengine wajifunze.

— Wengine nani? Vyote vimeng'olewa.

— Samaki mkunje angali mbichi.

— Hakimu, samaki ameingiaje hapa?

— Rufaa iko wazi, akasema Hakimu, akachota mbegu nyingine.

— Nyinyi mnazungumza na mtu anayelala nyumba hiyo hiyo na lundo, akasema Redio. Mimi ninawaza usalama wake. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Rafiki yangu, ukiliacha lile lundo pale siku tatu, bati lako likivuja hutapata fundi mji mzima. Wataliona kwa mbali, watageuza.

— Kwa hiyo niliondoe?

— Sijasema uondoe. Ukiondoa na kuacha udongo mtupu, unasahau. Udongo mtupu unasahau kwamba ni bustani. Mvua ikinyesha unafikiri ni uwanja wa mpira, unajigandamiza. Lazima uuache na kitu cha kukumbushia. Simika kijiti katikati. Kivalishe shati.

— Shati langu?

— La mtu mnene ni zuri zaidi. Udongo unaona shibe inakuja.

Ndani ya kibanda yule mteja akauliza tena kama fundi amekwenda mbali. Kinyozi akainuka nusu, benchi likayumba, akakaa. Mlango wa kibanda chake nao ukatikisika na upepo, lakini haukufungika, kwa sababu pale chini ulikuwa umezuiwa na boga.

Boga hilo lilikuwa donda la Tani Kumi. Maboga ya kwanza yalipokomaa, aliwagawia wenzake mojamoja, kwa mikono miwili, na hotuba juu. Hakimu lake aliliweka jikoni siku hiyo hiyo, likaliwa. Redio alilichemsha akala na wajukuu. Kinyozi alishukuru sana, akasifia mistari, akalipima kwa kiganja, akalisukumia chini ya mlango. Komeo la mlango ule ni bovu: ukijifunga, haufunguki mpaka wanaume wawili wausukume kwa bega na wa ndani avute. Toka siku hiyo boga likawa mlinzi. Wateja wanalikanyaga wakikung'uta viatu, na juu yake Kinyozi huanika taulo.

— Hebu tazameni, akasema Tani Kumi. Zawadi ya nyumbani kwangu inavaa taulo.

— Inafanya kazi, akasema Kinyozi. Wangapi wanapewa zawadi zikafanya kazi kila siku?

— Boga linaliwa.

— Na mimi nitalila. Mambo mazuri hayataki haraka.

— Umesema hivyo tangu nyanya ziko kwenye maua. Sema tu hupendi boga.

Kinyozi akatazama juu kama mtu aliyesikia ndege. Kusema kweli alikuwa hajawahi kumeza boga tangu utotoni, lilikuwa linamkaba, lakini mtu hasemi jambo kama hilo mbele ya mwenye boga.

— Nitatoa amri, akasema Hakimu, na sauti yake ikawa imenenepa. Leo ni siku ya kufunga msimu. Boga hilo ndilo la mwisho lililobaki duniani. Haiwezekani bustani ifungwe na zao lake moja bado liko kazini. Lipasuliwe, lipikwe hapa hapa, tule sote na shemeji akifika ale. Mbegu zake tukaange tuongezee sahani, maana naona hii inaelekea chini.

— Hilo ni neno, akasema Redio.

— Na mlango wangu? akauliza Kinyozi.

— Mlango utashikwa na tofali.

— Tofali likitolewa chini ya benchi, nyinyi mtakaa wapi?

Hapo hoja ikawa nzito. Wote waliangalia chini ya benchi, wakahesabu matofali kwa macho, wakaona hakuna la ziada. Tani Kumi, ambaye kisu cha kukata boga angeweza kukileta kutoka kwake mara moja, alishaanza kujivuta ainuke. Alitaka lile boga liliwe. Lingekuwa limepata haki yake, na mkewe angekuta meza ya heshima kijiweni, na watu wote wanamsifu mumewe.

— Ngoja basi nimalize kwanza la lundo, akasema. Nazika, nachoma, au navalisha shati?

— Mizizi je, umeitoa yote? akauliza Hakimu.

— Mingine imekatikia chini.

— Iache. Hiyo ndiyo hazina ya ardhi. Mtu mwenye akili hamalizi kila kitu, anabakiza chini kwa ajili ya kesho. Akiba haiozi.

Akasema hivyo kwa uzito wake wote, akajitupia mdomoni mbegu tano kwa mpigo.

Basi liliwahi. Basi lile halijawahi kuwahi tangu lilipoanza safari, ila siku hiyo liliwahi, na wa kwanza kuona alikuwa Shangazi, aliyekuwa akimimina kahawa ya mwisho mwisho.

— Tani Kumi, mgeni wako huyo.

Mkewe alikuwa anavuka barabara na mkoba begani, viatu vimejaa vumbi, uso umechoka ule uchovu wa mtu aliyekuwa akiamka na kichanga cha mwenzake. Wanaume wakajiweka sawa. Redio alifunga kifungo cha shati. Tani Kumi akasimama, na kwa kuwa hakuaga, Hakimu alishuka chini na kikombe chake. Hakuna aliyethubutu kucheka.

— Karibu shemeji, pole na safari.

— Nimeshapoa. Hamjambo hapa?

— Hatujambo. Binti anaendeleaje?

— Wazima wote. Mtoto analia kama ana kesi.

Hakimu, aliyekuwa akijifuta kahawa, alifurahi kutajiwa fani yake. Tani Kumi akaupokea mkoba. Maneno yote aliyoyapanga tangu jana yakamkimbia, likabaki moja.

— Bustani imefungwa, akasema.

Mkewe alimtazama. Si mtazamo mkubwa, lakini ndani yake kulikuwa na furaha ndogo isiyojiamini bado.

— Umefunga mwenyewe?

— Mwenyewe. Miti ya nyanya nimeihifadhi. Uzio nimekaza. Jembe nimeosha. Limebaki lundo tu, nilikuwa nachukua ushauri.

— Lundo si kitu, nitakuonyesha pa kulifukia. Na mbegu umeziweka wapi?

Aliuliza hivyo hivyo, kama mtu anavyouliza funguo ziko wapi huku akinyoosha mkono azipokee.

Redio aliacha kutafuna. Kinyozi aliacha kutafuna. Hakimu alikuwa na moja ndani ya shavu, akaiacha hapo hapo ilipo, asiimeze wala asiitoe. Macho yalishuka yenyewe hadi kwenye sahani katikati ya benchi, mle zilimobaki chache na chumvi nyingi, na kutoka hapo hadi chini, ambako maganda yalikuwa yamezunguka miguu ya wote wanne.

Mkewe aliitambua sahani yake. Akainama akachukua mbegu moja, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imeiva vizuri sana, kahawia sawasawa pande zote mbili.

— Umezikaanga, akasema.

— Zote, na chumvi, akajibu Tani Kumi, maana ilikuwa kweli na hakuona la kuficha.

Ndipo jambo lenyewe likamfikia. Halikuja kwa mshindo. Lilikuja taratibu kama mtu anayepanda ngazi: kwamba boga halijileti lenyewe. Kwamba kila alipokuwa njiani, kuna mtu alikuwa akichagua, akiosha, akianika, akifunga kwenye kitambaa na kuweka mahali panya hawafiki. Msimu baada ya msimu. Kwamba yeye, kwa mikono yake na kikaango chake, amemzika mama mkwe mara ya pili, na safari hii hakuwa mpakani.

— Redio, akasema Tani Kumi. Mbegu za lile boga nililokupa?

— Kuku, akasema Redio kwa chini.

— Hakimu?

Hakimu alitikisa kichwa. Mdomo hakuufungua, kwa ajili ya ile ya shavuni.

Mkewe aliketi kwenye benchi. Siku zote hizo hakuwahi kuketi pale, na Redio alisogea ncha ya pili ili lisiinuke.

— Kosa si lako peke yako, akasema, bila hasira, na bora angekuwa na hasira. Mimi sikukuambia. Nilikuacha ukae na jambo ambalo hujawahi kuliona. Kila ukirudi unakuta zimeshaota.

— Nilitaka ukute nimefanya.

— Nimekuta.

Akaifumba ile mbegu mkononi. Hakulia. Alitazama mbele tu, kama anayesoma kibao cha duka la mbali, na Tani Kumi akasimama mbele yake na mkoba, mtu mzima aliyeendesha tani kumi, hajui pa kuutua.

Upepo ulipita. Mlango wa kibanda ukagonga boga, ukarudi. Ukagonga tena. Ni Shangazi aliyeanza kugeuka, kisha Redio, kisha Hakimu, mmoja mmoja, mpaka wote wakawa wanatazama pale chini penye taulo.

Kinyozi aliinuka. Aliaga kwa mkono ili benchi lishikwe. Akaliondoa taulo, akalinyanyua boga, akalipangusa vumbi la viatu vya watu kwa aproni yake, taratibu, kuanzia juu hadi kwenye kikonyo, akaja akaliweka kwenye mapaja ya shemeji.

Yeye alilipitishia kiganja. Aligonga kwa kidole, akasikiliza. Lilikuwa limekaa muda mrefu kuliko boga lolote linavyokaa nyumbani kwa mtu mwenye njaa, limekomaa mpaka ngozi imekuwa kama ubao. Hapo ndipo machozi yalipomjia, kidogo, akayafuta kwa mgongo wa mkono na kucheka.

— Limekomaa hili, akasema. Mbegu zake zitakuwa zimejaa. Hukulila siku zote hizi, shemeji. Kwa nini?

Ilikuwa zamu ya Kinyozi kutazama kijiwe kizima kuomba msaada. Kahawa ilikuwa imekwisha, Shangazi alishainamisha birika likatoa tone na mashapo. Redio, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alikagua kucha zake.

Hakimu aliimeza ile ya shavuni.

— Akiba haiozi, shemeji, akasema.

Wakamtazama wote kwa mshangao. Kwa miaka yote waliyokaa naye, ilikuwa ni mara ya kwanza methali yake kuangukia mahali pake, na yeye mwenyewe alionekana kuogopa kidogo.

Mkewe alisimama, akamwekea Tani Kumi boga mikononi, mkoba akauchukua yeye.

— Twende. Leo unakata wewe, mimi nasimama pembeni. Nitakuonyesha ipi ni ya kula na ipi ni ya kuweka.

— Ndiyo, akasema Tani Kumi.

Alilibeba kwa mikono miwili, viwiko nje, akienda polepole na kutazama mashimo ya barabara kama alivyokuwa akiyatazama enzi za lori. Mara moja mkewe alimwambia kitu, akalishusha karibu zaidi na kifua. Kijiwe kizima kilibaki kimewakodolea macho mpaka wakakata kona.

Nyuma yao upepo ukaja tena. Mlango wa kibanda, ambao sasa haukuwa na boga la kuuzuia, ulijifunga kwa kishindo kilichoangusha kioo kidogo ndani. Ikapita kitambo. Kisha ikasikika sauti ya yule mteja, shavu moja limenyolewa na moja bado, ikiuliza kwa adabu ile ile:

— Jamani, huko nje kuna mtu?